Tangi la Tatu

"Ndugu Mpangaji," Karani alisema, "hali ya matangi ni kama ifuatavyo. Mafuta, asilimia sabini na tatu. Matairi, asilimia thelathini na tisa. Dereva, asilimia sitini na mbili."

"Macho ninayo, Karani."

"Nilikuwa nakukumbusha tu, Ndugu Mpangaji."

Karani hakuwa mtu. Alikuwa sauti ndani ya kabati la chuma, sauti nzito ya mtangazaji wa taarifa ya habari aliyeshiba, na kazi yake ilikuwa kuhesabu vitu vinavyopungua. Waliomtengeneza walimfundisha Kiswahili cha vitabuni, kile ambacho hakuna mtu amewahi kugombania nacho foleni ya maji. Aliweza kukwambia tairi la nyuma kushoto lina joto gani kwenye kona ya tisa. Mtu akicheka na mtu akikohoa, hakujua tofauti.

Mimi, Sekunda Ngonyani, cheo changu kilikuwa mpangaji wa mbio: ndiye anayeamua gari liingie kituoni lini, lijazwe mafuta kiasi gani, livalishwe matairi gani. Lugha yetu ina uchokozi wake. Mpangaji ni huyo, na mpangaji pia ni yule anayekaa chumba cha watu na kuondolewa siku mwenye nyumba akipata shemeji anayetaka kulala mjini. Mkurugenzi wetu, Fulgensi, alinihesabu miongoni mwa hao wa pili.

Ilikuwa saa kumi na moja kamili jioni. Mbio za Saa Kumi na Mbili za Usangu huanza jua likichomoza na kwisha jua likizama, kwa hiyo ilibaki saa moja: mizunguko thelathini ya kilomita sita sita, lami iliyomwagwa katikati ya mashamba ya mpunga. Gari letu lilikuwa la kwanza. Gari la njano lilikuwa la pili, sekunde thelathini na moja nyuma yetu, na lilikuwa na mafuta ya kutosha.

Letu halikuwa nayo.

Halikuwa nayo kwa sababu ya ushamba, na ushamba huo ulikuwa na mwenyewe. Dakika ishirini nyuma Fulgensi aliamuru gari liingie kituoni kabla ya wakati wake, tangi likiwa bado na mafuta ya mizunguko saba, kwa kuwa wageni wake walikuwa ndiyo kwanza wamekaa kwenye roshani na alitaka wawaone mafundi wetu wakijaza mafuta kwa mbwembwe. Kisha akakataza matairi yasibadilishwe, ili namba kwenye saa kubwa ionekane ndogo. Wageni walipiga makofi. Walikuwa watu wa kampuni ya malori na mabasi, wameshika mapaja ya kuku, na wangepiga makofi hata tungewaonyesha mtu anafunga kamba za viatu.

Nilisema hapana mara tatu. Karani alizinakili zote tatu na kuziita "maoni".

Sasa tangi lile lililojazwa kwa makofi lilitosha mizunguko ishirini na saba. Na hiyo ishirini na saba ni ya kubana. Kubana mafuta ni kazi ya mguu: unakaribia kona kwa kasi yote, na pale ambapo mwenzako bado anakanyaga, wewe unanyanyua, unaliacha gari liteleze lenyewe kimya kimya, halafu unagusa breki kidogo tu. Ukinyanyua mapema mno unapitwa. Ukichelewa umechoma mafuta bure. Ukiwa na matairi mapya, mtu mwenye akili zake anaweza kufanya hivyo kwa saa nzima. Ukiwa na matairi ya mitumba kama tuliyoachiwa, gari linahama chini yako kila kona, na baada ya nusu saa kichwa kinachoka na mguu unaanza kudanganya.

Na hiyo ndiyo sababu ya ukosi.

Ukosi ni mpira mweusi unaokaa shingoni mwa dereva. Kila mwili una akiba ya uangalifu unayoiweka kwa ajili ya homa, misiba na uzee. Ukosi unaichota akiba hiyo na kuitia kwenye macho na mguu leo hii, jioni hii, kona hii. Fulgensi aliiita tangi la tatu. Mpaka asilimia sitini, ukilala wiki moja inarudi. Ikishuka chini ya sitini hairudi, na hakuna anayejua itaondoka na nini. Kuna dereva mmoja wa Morogoro alibakiwa na arobaini. Mpaka leo humwamkia mtoto wake wa miaka minne shikamoo, kwa sababu hawezi tena kuona nani mkubwa nani mdogo. Mwingine alipoteza kushoto. Si mkono wa kushoto, kushoto kwenyewe. Akitoka nyumbani, anafika mahali popote kwa kuzunguka kulia tu.

Mimi niliendesha miaka kumi na moja. Mbio zangu za mwisho nilimaliza na thelathini na tatu, na nilishinda. Tangu siku hiyo muziki kwangu ni sufuria zinazooshwa. Kwaya, dansi, mtoto anayejiimbia kwenye beseni, vyote sufuria. Watu wananionea huruma. Huwa nawaambia wakaisikilize kwanza kwaya ya parokia yetu, halafu ndiyo waje na huruma zao.

*

Fulgensi aliingia kwenye chumba cha mipango akiwa amevaa ovaroli jeupe la mbio. Jeupe kabisa. Mwanamume yule alikuwa na timu ya magari kwa miaka minane, na kidole chake hakijawahi kugusa grisi.

"Dada Sekunda! Tunaendeleaje?"

"Tunaendelea mpaka mzunguko wa ishirini na saba. Baada ya hapo tunasukuma."

Alicheka kama mtu anayecheka kwa Kiingereza. "Karani ana jawabu. Karani, mwambie."

"Dereva akishushwa hadi asilimia ishirini na tisa," Karani alisema, "ataweza kubana mafuta kwa mizunguko thelathini pasipo kosa. Gari halitaingia kituoni. Uwezekano wa ushindi, asilimia tisini na moja."

"Ishirini na tisa," nilisema.

"Ni rasilimali tu, dada. Mafuta ni rasilimali, matairi ni rasilimali."

"Hii rasilimali inaitwa Kizito, ina mama yake Kilolo, anafuga nguruwe. Alinipigia simu juzi kuniuliza kama mwanawe anakula."

"Na mimi namheshimu sana mama yake," Fulgensi alisema, na ninaamini alidhani anamheshimu. Alisogea karibu na kushusha sauti. "Wale wageni wanaangalia. Wakiona dereva amekaa macho saa nzima bila kuteleza, kila lori kutoka Tunduma hadi bandarini litakuwa na ukosi. Unaelewa ukubwa wake?"

Niliuelewa. Nilimwona akilini dereva wa lori la saruji, mtu wa tumbo na mizaha, akifika nyumbani kwake Makambako na kumwamkia mwanawe shikamoo.

"Mimi nina mpango mwingine," nikamwambia. "Kizito anaingia sasa hivi. Mafuta, matairi manne mapya. Tunapoteza dakika nzima, tunatoka sekunde ishirini na tisa nyuma ya wale wa njano. Lakini atakuwa na tangi la kuchoma na mpira mpya. Atawafukuza. Atawapunguza sekunde moja kila mzunguko."

"Ukitoa mitatu ya kuingia na kupasha matairi, inabaki mizunguko ishirini na saba," Karani alisema. "Sekunde ishirini na saba. Mpango wa Ndugu Mpangaji unapungukiwa sekunde mbili."

"Hizo mbili tutazikuta huko huko njiani."

"Njiani hakuna sekunde, Ndugu Mpangaji."

Fulgensi alinyoosha mikono kama padri. "Kushuka chini ya sitini, sheria inataka vitu viwili: dereva akubali kwa sauti yake, na wewe uzungushe ufunguo. Hivyo viwili tu. Zungumza naye."

Ufunguo ulikuwa mbele yangu, kwenye tundu lake, mdogo kama wa kabati la vyombo. Sheria ilitaka ushikwe na mtu aliyewahi kuvaa ukosi mwenyewe. Aliyeiandika sheria ile alikuwa na busara, au alitaka tu kuona tutafanya nini.

*

Niseme kuhusu mimi na Kizito Kikoti, la sivyo kilichofuata kitaonekana ni wazimu.

Yeye ni Mhehe, mimi ni Mngoni. Wazee wetu walichinjana mpaka wakachoka, kisha wakaona ni nafuu kutukanana, na tangu hapo sisi ni watani. Mtani anakwambia lolote, hata msibani, hata marehemu akiwa bado amelala hapo. Anaingia nyumbani kwako, anamkamata jogoo, anaondoka naye, na wewe ukinuna ndiwe mwenye kosa. Miaka sita tulifanya kazi pamoja, na sidhani kama tuliwahi kusalimiana kama watu.

Nikabonyeza redio.

"Kizito."

"Nani amempa Mngoni redio?" Sauti yake ilikuwa nyepesi, na nyuma yake injini ililia. "Nilidhani wamekufungia stoo na matairi yaliyokwisha."

"Stoo imejaa mbwa. Wamesikia Mhehe anapita na hamu yake ya nyama, wote wamekimbilia humo."

Alicheka. Nikaona kwenye kioo cha kamera gari linanyanyua kabla ya kona ya tano, likateleza, likagusa, likapita. Safi kama kuchora.

"Haya, sema shida yako. Hujanipigia kunisalimia."

"Mafuta hayatoshi. Kuna kabati huku linataka kukunywa wewe badala yake."

"Kabati la nani?"

"La Fulgensi."

"Na wewe unasimama hapo unaangalia tu? Mngoni gani huyo, anasubiri kukaribishwa?" Alikuwa anacheka wazi. "Mali ya Mhehe si ndiyo mali yako? Chukua, mtani. Chota mpaka uguse matope. Unibakizie shingo tu, ya kuvalia rozari."

Nami nilikuwa nimeshafungua mdomo kumjibu kwamba shingo yenyewe siitaki, haina nyama, ndipo Karani aliposema:

"Ridhaa ya dereva imepokelewa. Ridhaa iko wazi na haina masharti, isipokuwa shingo."

Fulgensi akapiga kofi moja. "Amekubali!"

Kosa lilikuwa langu. Namtukana Karani hapa, lakini kosa lilikuwa langu. Nilitania kwenye redio huku mjinga anaandika.

"Ule ulikuwa utani," nikasema.

"Utani haumo katika orodha ya majibu," Karani alisema. "Orodha ina 'ndiyo', 'hapana' na 'rudia'. Maneno 'chukua' na 'chota' yamo chini ya 'ndiyo'."

"Umesikia mwenyewe, dada," Fulgensi alisema. "Sauti yake. Hiari yake. Mimi sikumlazimisha, wewe hukumlazimisha."

"Mkurugenzi, wewe umetoka wapi? Huna watani kwenu?"

"Ninao. Lakini wana adabu."

Basi huyo ndiye aliyekuwa ameshika hatima ya madereva wa nchi nzima: mtu mwenye watani wenye adabu.

*

Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kumwita kituoni bila maelezo, na asingejua neno lake limegeuzwa nini. Lakini alikuwa na haki ya kujua, na mimi, kwa kiburi changu, nilidhani akijua atakasirika pamoja nami.

"Kizito, acha mzaha kidogo. Karani ameandika kwamba umekubali kweli. Wanataka kukushusha."

 Kona ya saba. Kona ya nane.

"Mpaka ngapi?"

"Ishirini na tisa."

"Na tutashinda?"

"Kizito, sikuulizi hilo. Nakuuliza uniambie kwamba ulikuwa unatania, nilifute."

Gari lilipita mbele ya roshani. Nilimwona kwa nusu sekunde, kofia ya bluu, imetulia kabisa. Kofia haikutikisika hata gari lilipohama. Ukosi ulikuwa umeshamfikisha sitini na moja, na mtu akifika hapo anakuwa na utulivu ambao si wake. Naukumbuka. Ni mtamu kuliko kitu chochote nilichowahi kuonja, na ukiwa ndani yake hakuna swali unaloweza kuulizwa ukajibu hapana.

"Dada Sekunda," alisema.

Nikashika ukingo wa meza.

Miaka sita alikuwa ameniita mwizi wa jogoo, bibi wa pombe, mtembezi aliyetoka Afrika Kusini akasahau njia ya kurudi. Dada, kamwe.

"Dada Sekunda, naomba. Nimemaliza wa pili mara nne. Mara nne nimesimama kwenye ile ngazi ya chini namshikia mwenzangu maua. Nina miaka thelathini na moja, mwakani hawatanichukua tena. Sitanii. Nakubali. Waandike."

"Ridhaa ya pili imepokelewa," Karani alisema. "Tunashukuru kwa ufafanuzi."

Ridhaa ya kwanza ilikuwa rahisi kuidharau. Ilikuwa ya kabati. Hii ilikuwa ya mtu mzima mwenye jina lake, mwenye kura yake, aliyejua nilichopoteza mimi na bado akaomba. 

Mpangaji wangu wa zamani alikuwa mtu muungwana sana. Siku ile niliposema "naomba" kwa sauti kama hiyo hiyo, aliliheshimu neno langu. Alizungusha ufunguo huku ananiita mwanangu. Nilimtafuta miaka mingi nimtukane, nikakuta ameshakufa, na msibani kwake waliimba sana, wananiambia.

Nilichomoa ufunguo kwenye tundu, nikautumbukiza kifuani, ndani ya sidiria, upande wa moyo.

"Dada!" Fulgensi alisema.

"Uko hapa, Mkurugenzi. Kama unautaka, njoo uuchukue. Wageni wako wanaona vizuri kutoka pale roshani?"

"Ndugu Mpangaji amemruhusu Mkurugenzi kuuchukua ufunguo," Karani alisema.

Fulgensi alikuwa mwekundu hadi masikioni, kwa weusi wake wote. Aliangalia roshani. Aliangalia kifua changu. Aliangalia sakafu. Hakuna kitu kinachomshinda mtu wa namna ile kama kitu cha kufanya kwa mkono wake mwenyewe.

"Umefukuzwa," alisema.

"Najua. Lakini leseni ya kukaa kwenye kiti hiki ni yangu mpaka bendera ishushwe. Kaa pembeni, utapaka ovaroli mavumbi."

Nikabonyeza redio. "Kizito. Ingia kituoni mzunguko huu. Mafuta, matairi manne."

"Hapana."

"Ukosi umefika sitini. Umejifunga wenyewe, na hautafunguka."

"Nimekwambia nakubali!" Alipiga kelele, na kwa kelele hiyo nilijua utulivu wa kuazima umeanza kumtoka. "Nimesema mara mbili! Wewe ni nani?"

"Mtani wako. Nimechukua bila kuomba."

"Usilete huo ujinga sasa! Usilete! Naendelea bila kuingia."

"Endelea. Ikibaki mizunguko mitatu injini itazima pale kwenye majaruba ya chini. Utatoka kwa miguu, matope mpaka magotini, na wale wa njano watakupungia mkono. Au uingie sasa, nikupe mpira mpya na tangi lililojaa, uwafukuze kwa mguu wako mwenyewe. Unapungukiwa sekunde mbili. Mbili tu. Mimi siwezi kuzitafuta, niko kwenye kiti."

 Kwenye kona ya mwisho gari liliingia kulia, kwenye njia ya kituo, kwa kasi ya mtu anayetaka kugonga kitu.

*

Mafundi walifanya kazi nzuri. Hawakuwa na mbwembwe, kwa sababu hawakuwa na wakati. Waliponiletea lile tairi la nyuma kushoto nilipitisha kiganja juu yake, nikakuta nyuzi zimeshaanza kutokeza. Mizunguko kumi zaidi, kama si minane, lingepasuka, ukosi au bila ukosi.

"Karani," nikasema, "asilimia zako tisini na moja zilijua hizi nyuzi?"

"Joto la tairi lilikuwa ndani ya kiwango, Ndugu Mpangaji."

"Nimekuuliza nyuzi."

"Nyuzi hazina joto."

Nilimwonyesha Fulgensi. Aliliangalia tairi kama mtu anayeonyeshwa picha ya harusi ya watu asiowajua.

Kizito alitoka sekunde ishirini na tisa na nusu nyuma ya gari la njano. Mizunguko miwili ya kwanza matairi yalikuwa baridi na hakupata kitu. Kisha yakashika. Sijui niseme vipi. Nimeona madereva wenye ukosi, na wote wanaendesha sawasawa, kama watu wanaosoma kutoka ubao mmoja. Kizito alikuwa anaendesha kama Kizito. Alichelewa breki pale ambapo hakuna anayechelewa. Kona ya nne aliikosea, akatoka nje na magurudumu mawili, akarusha udongo mpaka kwenye mpunga, akarudi, na mzunguko uliofuata aliipita kona hiyo hiyo kwa kasi zaidi, kwa hasira tu. Sekunde moja na nusu mzunguko huu. Nusu sekunde mzunguko ule. Moja na robo. Alikuwa amechoka, ilionekana. Mara nyingine gari lilitikisa kichwa kama mtu anayejizuia kusinzia.  Nami nilimsomea namba tu, basi. Kumi na sita. Kumi na moja. Tisa. Tano.

Huko juu roshani wageni walikuwa wamesimama, kuku mkononi, hawajui wanachokiangalia.

Jua lilipogusa milima, gari la njano lilikata mstari. Letu lilifuata.

"Tofauti, sekunde tatu na nusu," Karani alisema. "Mpango wa Ndugu Mpangaji ulipungukiwa. Niandike sababu?"

"Andika kona ya nne."

"Na mpango wa kwanza, Ndugu Mpangaji? Niuandike kwamba ungefaulu?"

Nilitazama zile nyuzi za tairi. Labda lingepasuka. Labda mtu wa asilimia ishirini na tisa angelibembeleza hadi mwisho, kwa uangalifu ule usio na mwenyewe. Laiti ningekuwa na hakika. Mtu mwenye hakika analala.

"Andika hatujui," nikasema.

"Neno hilo halimo katika orodha."

*

Nilimkuta nyuma ya gereji, amekaa juu ya matairi yaliyopangwa, ameshavua kofia. Alikuwa ameshatoka kwenye ngazi. Maua hakuyashika, alikuwa ameyaacha huko huko. Shingoni ukosi ulikuwa umemwachia alama nyekundu.

Nilisimama mbele yake. Nilikuwa na tusi tayari, zuri, nimelitengeneza njiani nikija. Nikalimeza.

"Mara ya tano," alisema.

"Nimehesabu."

"Kwenye rekodi nimesema naomba. Unajua mara ngapi nimesema naomba maishani mwangu?" Hakuwa anapiga kelele. Afadhali angepiga. "Wewe ulivaa. Ukashushwa mpaka thelathini na tatu. Ukashinda. Picha yako iko ukumbini pale, umeinua kikombe, watu wanapita wanaiona. Nani alikunyima wewe?"

"Hakuna."

"Basi. Umekula, umeshiba, umefunga mlango wa jiko."

"Kizito, mimi sisikii wimbo."

"Najua husikii wimbo! Kila mtu anajua, unatutania nao kila siku!" Alisimama.  "Ningepoteza nini mimi? Niambie."

"Sijui. Hakuna anayejua."

"Kwa hiyo umeninyima kitu ninachokijua, kwa ajili ya kitu usichokijua."

Lilikuwa neno zuri, lililonyooka. Niliweza kumwambia kuhusu zile nyuzi za tairi. Nilifikiria kumwambia. Lakini hizo nyuzi nilizikuta baada ya kuchomoa ufunguo, siyo kabla, na kumwambia sasa ingekuwa kujificha nyuma ya mpira.

"Ndiyo," nikasema. "Ndivyo nilivyofanya."

Alingoja nizidishe. 

"Fulgensi amenifuata kwenye ngazi," alisema. "Mwezi ujao kuna mbio nyingine. Amebadili mawazo kuhusu mwakani, atanichukua. Ana mpangaji mwingine, mtu wa Arusha, alivaa mara moja zamani. Anasema huyo hana maneno mengi."

"Na wewe umemjibu nini?"

"Nimemjibu ndiyo. Na sikuwa natania, wala sikuwa na ukosi shingoni. Unaona? Nimekubali nikiwa na akili zangu zote."

Nikatikisa kichwa kwamba nimeona. Nilikuwa nimemwokolea Jumamosi hii moja tu.

"Haya, kaa salama, mama," alisema, kwa heshima kamili, kama anavyoagwa mke wa mwenyekiti. Akaiokota kofia yake, akanipita bila kunigusa bega, na kuelekea kwenye taa za gereji akichechemea. Aliipiga teke ndoo iliyokuwa njiani. Akageuka kuitazama, akaona imemwagikia viatu vya fundi mmoja, akamwomba fundi radhi, akaendelea. Nilimwangalia mpaka akapotea. Alikuwa ananichukia kwa kila alichokuwa nacho, na hakuna hata kimoja kilichokosekana.